Chuo Moja kwa Moja, au Kazi Kwanza?

(Mazungumzo mbele ya wazazi na vijana wa jumuiya, Bur Dubai)



Tumeombwa kuzungumzia jambo linalozua mjadala majumbani mwetu kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka: kijana aende chuo moja kwa moja, au afanye kazi kwanza?

Taifa letu limewahi kulijibu swali hili kwa amri. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilifuta utaratibu wa kutoka kidato cha sita kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Kijana alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi miaka isiyopungua miwili, na kupendekezwa kutoka kazini. Nia ilikuwa msomi alijue jasho la mkulima anayemlipia. Lakini idadi ya wasichana chuoni ikapungua, maana ndoa na malezi havikuwasubiri, na baada ya muda mfupi wakaondolewa sharti hilo. Kuchelewa hakuwagharimu wote sawasawa.

Hapa Bur Dubai kishawishi kina sura yake. Kijana wa miaka 18 anapata kazi dukani Meena Bazaar, au ofisi ya kago ng'ambo ya hori, Deira. Dirham zikigeuzwa shilingi zinaonekana nyingi, na nyumbani bibi anasubiri dawa. Hatumlaumu, wengi wetu tulianza hivyo. Ila tumeona mkataba ukizaa mkopo, mkopo ukizaa mkataba mwingine, na mwaka mmoja ukawa kumi.

Wazazi nasi tujiangalie. Kumsukuma mtoto kwenye shahada asiyoitaka, ili tupate la kujisifia harusini, ni kutupa ada. Fundi umeme aliyefuzu VETA ana heshima yake.

Basi tuamue kwa hesabu. Kwanza, viza isitukimbize. Tangu Oktoba 2022 mzazi anaweza kumdhamini mtoto wa kiume asiyeoa hadi miaka 25. Zamani ilikuwa 18. Pili, mikopo ina saa yake. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo inamtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Tatu, waliosoma mitaala ya kigeni hapa waombe ulinganisho wa vyeti Baraza la Mitihani mapema, hata kama wanakusudia kusubiri. Nne, anayelazimika kufanya kazi akumbuke Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa hali hiyo.

Ushauri wetu ni huu. Kijana akichagua kazi, akae na wazazi waandike: anafanya kazi kwa lengo gani, ataweka akiba kiasi gani kila mwezi, na mwezi gani ataomba chuo. Na nyumbani waelezwe mapema kwamba fedha hizo zina kikomo. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika: kijana hashindwi masomo, anashindwa kusema "hapana" kwa simu ya shangazi.

Wahenga walisema kawia ufike. Hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Aliyeandika tarehe yake anakawia. Asiyeiandika anangoja tu.