Maganda ya Kahawa Yapikie Chakula



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kabisa: maganda ya kahawa, yale mekundu ya nje yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea. Ukimenya kilo 100 za matunda mabivu, karibu kilo 40 hubaki kuwa maganda mabichi. Piga hesabu ya msimu mzima. Sasa je, yanakwenda wapi? Mara nyingi hurundikwa nyuma ya mashine, nzi wanajaa, na mvua ikinyesha maji yake meusi yanateremka mferejini. Na kule Kilimanjaro mfereji huo huo ndio anaochotea maji jirani aliye chini yako. Maganda yakiozea mtoni humaliza hewa iliyomo majini, samaki hufa, maji hunuka. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Maganda hayo hayo yanaweza kukupikia ugali. Kama unafuga ng'ombe wawili au zaidi zizini, na unao mtambo wa biogesi au unafikiria kuujenga, sikiliza vizuri.

Mtambo wa biogesi ni shimo lililojengewa na kufunikwa kama kuba, hewa isiingie. Ndani yake wamo vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho, jamaa ya wale wanaokaa tumboni mwa ng'ombe. Wanakula samadi na kutoa gesi inayowaka. Samadi ya ng'ombe wawili, karibu kilo 20 hadi 25 kwa siku, inatoa gesi ya kuwasha jiko moja kama saa mbili. Kwa nyumba ya watu wengi hiyo ni pungufu, na maharage, kama mnavyojua, hayana haraka. Hapo ndipo maganda yanaposaidia, kwa sababu bado yana sukari na chakula kingi, wakati samadi imekwisha kusagwa tumboni mwa ng'ombe.

Lakini hapa pana hatari, na ndipo wengi wanapoharibu. Je, umewahi kuona ng'ombe aliyefungua kamba usiku akala gunia la mahindi? Asubuhi tumbo limejaa gesi, limechachuka, pengine anakufa. Na mtambo nao ni hivyo hivyo. Ukiumwagia toroli nzima ya maganda siku moja, eti kwa kuwa ni msimu na yapo tele, ndani kunachachuka, vijidudu wanakufa, na jiko linazimika. Kuufufua huchukua majuma.

Kwa hiyo anza taratibu. Juma la kwanza tia nusu ndoo ya maganda kwa kila ndoo nne za samadi. Ukiona moto bado ni wa buluu na hauyumbi, ongeza mpaka ndoo moja kwa nne, usizidishe hapo. Yaponde au yakatekate kwanza, uyakoroge na samadi na maji mpaka uwe uji. Maganda mazima huelea, yakafanya utando mgumu juu na kuziba njia. Moto ukififia, au tope linalotoka likianza kunuka uchachu, acha maganda mara moja. Rudi kwenye samadi na maji peke yake mpaka moto utakaporudi. Na maji yenye sabuni au dawa ya kupe yasiingie humo hata kikombe.

Bado rundo litabaki, maana msimu ni mfupi na mtambo una mdomo mdogo. Yaliyobaki changanya na majani makavu ya migomba na samadi kidogo, ufanye mboji mbali na mfereji, uyafunike na kuyageuza kila baada ya majuma mawili. Asiye na ng'ombe aishie hapa hapa kwenye mboji. Asikope fedha ajenge mtambo ambao hatakuwa na cha kuulisha baada ya msimu. Mtambo si bei ya kuku wawili.

Mwenye nia ya kujenga na amwone bwana shamba au bwana mifugo wake. Mafundi wa kuba wapo. Kituo cha CAMARTEC kule Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimefundisha kazi hii kwa miaka mingi. Na akina baba, kabla ya kuamua mtambo ukae wapi, muulizeni mama anayebeba kuni kichwani. Yeye ndiye ajuaye jiko lilipo na maji yanatoka wapi.

Tope linalotoka upande wa pili msilimwage. Ni mbolea nzuri sana. Lipelekeni kwenye mashina ya migomba na mibuni, mlifukie kidogo kwa udongo, jua lisiifukuze nguvu yake.

La mwisho ni gesi yenyewe. Ukisikia harufu yake ndani ya nyumba, fungua milango na madirisha, funga koki, na usiwashe kitu. Mahali panapovuja patafute kwa povu la sabuni kwenye maungio ya bomba; povu likivimba, hapo ndipo. Usitafute kwa kibiriti. Na mtu yeyote asiingie ndani ya kuba kuchota tope, hata kama mtambo umekaa bila kutumika: humo hamna hewa ya kuvuta. Mwiteni fundi.