Mtapo ni Sumu kwa Mbwa na Paka

Fungueni daftari zenu. Andikeni neno la leo: M-TA-PO.

Mtapo ni mmea wa pwani yetu. Shina lake ni nene, na majani yake ni marefu kama makuti. Wengine huupanda uani, au katika debe karibu na mlango, kwa kuwa ni pambo zuri. Ukiutazama utadhani ni ndugu wa mnazi. Sivyo. Dafu ni kinywaji. Mbegu ya mtapo ni sumu.

Je, mbwa au paka akiila atadhurika? Naam, aweza kufa. Sumu imo katika majani, shina na mizizi, lakini mbegu ndizo kali zaidi. Mbegu moja au mbili zaweza kumwua mbwa. Mbuzi na ng'ombe pia hudhurika. Kwanza mnyama hutapika na kukataa chakula. Pengine huonekana amepata nafuu, kumbe sumu inaliharibu ini lake. Baada ya siku mbili au tatu macho na ufizi huwa manjano. Wengine hutetemeka na kuanguka kifafa.

Mtauliza, "Mbona watu wa zamani walikula mbegu hizo wakati wa njaa?" Kweli, walizila. Lakini kwanza walizikata, wakazianika na kuziloweka kwa siku nyingi, ndipo wakazipika. Walijua kuwa ni sumu. Paka hajui kuloweka, wala mtoto mdogo hajui. Msijaribu kuzila.

Basi tufanyeje? Uko mtapo dume na mtapo jike, kama mpapai. Jike ndio unaozaa mbegu. Ikiwa wako ni jike, okota mbegu kila zinapoanguka, uzifukie katika shimo refu. Uzungushie ua, maana majani nayo yana sumu.

Mnyama akila mtapo, usingoje atapike, wala usimpe dawa ya kubahatisha. Mpeleke upesi kwa bwana mifugo. Chukua na kipande cha jani au mbegu, akione mwenyewe.

Sasa jibuni kwa maandishi:

1. Sehemu gani ya mtapo ina sumu kali zaidi?
2. Mtapo upi huzaa mbegu?
3. Paka wako amekula mbegu, lakini bado anacheza. Utafanya nini?

Someaneni majibu yenu darasani.