Kijana wa Chala na Chama cha Wanafunzi: Kunufaika na Chuo Kikuu Nje ya Chumba cha Mhadhara

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wanafunzi wanaojiunga na vyuo vikuu, Chala, Wilaya ya Nkasi

Mada niliyopewa ina sehemu mbili: vyama vya wanafunzi na fursa za masomo. Sitazigawia muda sawa. Fursa zina matangazo yake na masharti yake, na mwenye bidii atayasoma. Vyama ndivyo ninavyotaka tuvizungumze kwa kirefu, kwa sababu hapa Ufipa tumezoea kumuaga kijana kwa usia mmoja: nenda kasome, mengine achana nayo.

Usia huo unatoka kwenye mapenzi. Mzazi ameuza mahindi na maharage, pengine na ng'ombe, na anaogopa mtoto asije akapotelea kwenye siasa au starehe za mjini. Lakini wapo vijana wetu waliousikiliza usia huo neno kwa neno. Walitoka bwenini kwenda darasani, na darasani kurudi bwenini, miaka mitatu. Wamerudi na cheti kizuri, na hakuna mtu hata mmoja nje ya mkoa huu wanayeweza kumpigia simu kumuuliza habari ya kazi au ya masomo zaidi.

Ninachosema leo ni hiki: kijana wa Chala anakihitaji chama cha wanafunzi kuliko kijana wa Dar es Salaam. Yule wa Dar ana mjomba wizarani na jirani aliyesoma chuo hichohicho. Sisi tunashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi tukiwa tumesafiri zaidi ya kilomita elfu moja, na mtu pekee tunayemfahamu ni yule tuliyekaa naye kiti kimoja tangu Sumbawanga. Watu wa kutushika mkono hatukuzaliwa nao. Inabidi tuwapate kwa kufanya nao kazi.

Walioanza kabla yetu

Mwaka 1943 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka masomo ya juu alikwenda Makerere, Uganda, na mwaka huo alifika huko kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, kusomea ualimu. Yeye na wenzake wakiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika waliokuwa pale, TAWA, ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa tawi la TAA (Tanganyika African Association). Nyerere alikuwa Mkatoliki, Mwapachu Mwislamu wa Tanga. Nyumbani huenda wasingekutana kamwe. Chuo kiliwakutanisha, lakini kilichowafanya wawe wenzi ni chama: kuandika barua pamoja, kubishana, kupanga ajenda. Nyerere na Tibandebage walikuja kufundisha pamoja Tabora, katika shule ya St. Mary's. Mwaka 1953 Nyerere akawa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Sisemi kila chama cha wanafunzi kitazaa chama cha ukombozi. Nasema wale watu hawakuanza kujifunza kuongoza siku walipopewa uongozi.

Makerere hiyohiyo, mwaka 1962, chama cha maigizo cha wanafunzi kilipeleka kwenye jukwaa la Ukumbi wa Taifa wa Kampala mchezo ulioandikwa na mwanafunzi mwenzao, Ngũgĩ wa Thiong'o. Ni mchezo ambao Waswahili wanaufahamu kama Mtawa Mweusi. Mwandishi huyo, aliyefariki Mei 2025 akiwa anajulikana dunia nzima, alianza kuchapishwa kwenye jarida dogo la idara ya Kiingereza chuoni hapo. Hakungoja ahitimu ndipo awe mwandishi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyumbani. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1967 wanafunzi wakaunda USARF, chama cha kimapinduzi cha wanafunzi wa Afrika, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni. Mwaka 1969 chama hicho kikaanza kutoa jarida liitwalo Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Meghji.

Naomba mlifikirie jarida hilo kama kazi ya mikono. Makala ziliandikwa na wanafunzi na wahadhiri vijana, zikapigwa chapa kwenye stensili, zikazungushwa kwenye mashine, kurasa zikapangwa na kubanwa, kisha jarida likauzwa ili fedha ya toleo lijalo ipatikane. Mwanafunzi wa hisabati alilazimika kusoma makala ya uchumi, kuuliza ushahidi uko wapi, na kumrudishia mwandishi aandike upya. Hakuna aliyempa maksi kwa kazi hiyo. Katika Cheche ndimo Issa Shivji, kijana wa sheria, alimochapisha mwaka 1970 uchambuzi wake mrefu juu ya mapambano ya kitabaka nchini, ambao hadi leo wanafunzi wanausoma. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu na vijana hao, akijadiliana nao nje ya saa za kazi.

Mzazi anayenisikiliza atasema: hicho ndicho ninachokiogopa. Na ana sababu. Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi zaidi ya mia tatu walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Siyafichi hayo, na kijana anayeingia kwenye uongozi wa wanafunzi ayajue. Ila tuwafuate na hao vijana wa Cheche mbele. Hirji alikuja kuwa profesa wa takwimu za tiba, akafundisha Marekani na Muhimbili, na mwaka 2010 akatoa kitabu cha kumbukumbu za jarida lile. Shivji akawa profesa wa sheria ambaye nchi nzima inamsikiliza anapozungumzia ardhi na katiba. Zakia Meghji alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Kazi ya Cheche haikuwapunguzia usomi, iliuongeza.

Na kwa kuwa nimemtaja Mama Meghji, nina neno kwa wazazi wenye mabinti. Usia wa "achana na mengine" tunaukaza zaidi kwa msichana. Tunamwambia awe chumbani saa kumi na mbili jioni, asigombee nafasi, asisafiri na wenzake kwenye kongamano. Tukifanya hivyo tunamlipia ada ya chuo kisha tunamzuia nusu ya chuo chenyewe. Mfundisheni kuchagua wenzake na kutambua mahali pasipo salama, halafu mwacheni afanye kazi.

Chama gani, na kazi gani

Vyama ni vingi. Zipo serikali za wanafunzi, kama DARUSO pale Mlimani. Zipo jumuiya za dini, TMCS, USCF, MSAUD na nyingine, ambazo kwa kijana mgeni mara nyingi ndizo familia ya kwanza. Vipo vyama vya taaluma, vya sheria, uhandisi, kilimo, udaktari. Wanaosoma Kiswahili wana CHAWAKAMA, kinachowakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki katika makongamano yake. Kijana wa Nkasi anaweza kusoma makala yake mbele ya wenzake wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi kabla hajamaliza shahada ya kwanza.

Vipo pia vikundi vya watu wa mkoa mmoja. Vijana wa Rukwa wakutane, wasaidiane bumu, yaani fedha ya kujikimu, likichelewa, wauguzane. Ila asiyetoka humo amehamisha kijiji tu.

Ukifika, usijiandikishe kila mahali. Chagua kimoja, visizidi viwili. Kabla ya kulipa kiingilio waulize viongozi: mwaka jana mlifanya nini, na ripoti iko wapi? Chama chenye fulana na picha bila ripoti hakitakufundisha kitu. Kisha omba kazi. Wengi hukimbilia uenyekiti. Mimi nawashauri ukatibu au uhazini. Katibu ndiye anayeandika muhtasari wa kikao cha watu kumi waliozungumza kwa pamoja, akapata maamuzi matatu yanayoeleweka. Ndiye anayeandika barua kwa mshauri wa wanafunzi kuomba ukumbi, ikarudi imekataliwa, akaiandika tena vizuri zaidi. Ndiye anayemwalika mtu mzito kuja kuzungumza na wanafunzi, akampokea getini, na namba yake ikabaki kwenye simu. Mhazini naye anajifunza kutunza fedha ya watu na kueleza kila shilingi mbele ya wenzake wenye hasira. Mwenye kazi anayekuajiri atakuomba hayo yote, na hakuna mtihani wa chuo utakaokupima kwayo.

Matunda yake hayaonekani muhula huohuo. Wazee waliolima ntumba wanalijua hili: majani unayoyafukia kwenye tuta mwaka huu ndiyo yatakayolisha mazao ya msimu ujao.

Tahadhari ni moja, nayo ni nzito. Chama kisile masomo. Aliyediskoo, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, hana chama wala chuo. Katika vyuo vyetu vingi daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4, na daraja la pili la juu 3.5. Anayetaka kubaki chuoni kuwa mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na 3.8 na kuendelea. Ratiba yako ijengwe juu ya namba hizo. Muhula ambao una sapu mbili, yaani mitihani miwili ya marudio, jiuzulu nafasi yako, urudi mwakani.

Fursa za masomo

Hapa nitakwenda haraka. Mkopo wa Bodi mnaufahamu, na wengi mmekwisha kuomba. Kumbukeni ni deni, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi liishe. Waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita wana Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Kwa shahada ya uzamili zipo nafasi za ufadhili za Jumuiya ya Madola, za DAAD ya Ujerumani, za serikali za China na Japani. Wanaosoma Kiswahili na ualimu waifuatilie programu ya Fulbright inayowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Wala fursa haiko mbali wakati wote: SUA ina Kampasi ya Mizengo Pinda pale Mpimbwe, jirani zetu Katavi, na MUST ina kampasi hapahapa Rukwa.

Vijana wetu hukosa fursa hizi kwa mambo madogo. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA. Jina la NIDA halilingani na la cheti cha kidato cha nne, herufi moja imeongezeka. Hana pasipoti, na tangazo limebakiza wiki mbili. Hayo yashughulikieni mwaka wa kwanza.

Lakini kuna karatasi moja ambayo hakuna ofisi ya kuitoa: barua ya mhadhiri. Karibu kila ufadhili unadai barua mbili au tatu za watu waliokufundisha. Mhadhiri anayefundisha ukumbi wa wanafunzi mia nne hakujui. Ukimwendea mwaka wa tatu atakuandikia kwamba ulikuwa mwanafunzi wake na ulipata B+, na barua ya namna hiyo haimpi mtu nafasi. Sasa kumbukeni kwamba kila chama cha taaluma kina mlezi, na mlezi huyo ni mhadhiri. Amekuona ukiandaa kongamano, ukiwahi, ukikiri kosa la hesabu na kulirekebisha. Huyo ana la kuandika. Ndiyo maana tangu mwanzo nimevipa vyama muda mwingi zaidi.

Pendekezo kwa semina

Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walikuwa na kikundi cha maigizo kilichozunguka vijijini wakati wa likizo, wakicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Nakitaja kikundi hicho kwa sababu likizo ndefu ya vyuo huangukia wakati ambao kidato cha nne hapa Chala wanajiandaa na mtihani wa Novemba, na shule zetu zina upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia. Vijana wa vyuo wako nyumbani wiki hizo, au wako fildi Namanyere na Sumbawanga. Masomo ya jioni, mara tatu kwa wiki, yanawezekana bila bajeti kubwa. Jumamosi wakae na wahitimu wa kidato cha sita kuwasaidia kukagua vyeti na kujaza maombi, badala ya kila mzazi kumpeleka mwanawe mjini kumlipa mtu wa steshenari.

Kwa hiyo naomba tuunde chama cha wanafunzi wa vyuo wa Chala, kisicho cha chama cha siasa wala cha dhehebu, chenye mlezi mmoja kutoka miongoni mwa walimu waliopo hapa. Daftari ninalo, nimeandika humo majina ya wote waliohudhuria, chuo anachokwenda kila mmoja na kozi yake. Ndugu Mwenyekiti, naomba mjadala uanze na uchaguzi wa katibu, ili nimkabidhi daftari hili kabla ya chakula cha mchana.