Usiingize Jiko la Makaa Chumbani

Leo tunazungumza nawe unayejiandaa kwenda milimani na watoto wikendi hii.

Kati ya Juni na Agosti baridi huwa kali nyanda za juu. Hata hivyo wengi wetu husafiri, ama kumwona nyanya Kinangop, ama kukodi nyumba ya mbao kwenye miteremko ya Mlima Kenya kwa siku mbili. Ni safari nzuri. Lakini Kinangop iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na usiku wa Julai huko si kama usiku wa Kisumu au Mombasa.

Ikifika saa tatu usiku, watoto wanatetemeka. Mtu hulibeba jiko lililopikiwa chakula, akaliweka chumba cha kulala na kufunga mlango na madirisha. Husema, "Makaa yameshika vizuri, hayana moshi tena." Hapo ndipo hatari ilipo.

Makaa yanapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni utakukohoza utoke nje. Gesi hii haikupi onyo. Ukiivuta huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, kwani hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala huzimia bila kuamka. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo hudhurika mapema. Mama mjamzito naye ajue kwamba aliye tumboni huenda akaumia kuliko yeye mwenyewe.

Wako wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko. Maji hayaondoi gesi hii. Kuacha dirisha wazi kidogo pia si kinga ya kutegemea, na makaa yaliyofunikwa jivu bado yanaitoa. Jiko lilale nje, mbali na mlango na dirisha. Kama nyumba mliyokodi ina meko ya ukutani, muulize mwenyewe kama bomba la moshi limesafishwa. Ndege hupenda kujenga viota humo.

Sasa utauliza, mtoto atapataje joto? Mvishe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya sweta moja zito. Soksi zikilowa umande, zibadilishe mara moja. Mtoto mchanga mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, mkiwa mmefunikwa leso na blanketi, uso wake ukiwa wazi, nawe ukiwa macho. Chupa ya maji moto ipashe kitanda kwanza, kisha iondoe kabla ya kumlaza. Ukitaka kujua kama anahisi baridi, mguse tumboni, si vidoleni. Vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Tumbo likiwa baridi, naye amelegea au anakataa kunyonya, mpeleke hospitali.

Tena kuna dalili za ile gesi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea na kuchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani ni malaria au chakula kibaya. Lakini ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wameugua usiku mmoja, na jiko liliwaka ndani, usingoje kukuche. Fungua milango, watoe wote nje kwenye hewa safi, hata anayesema yuko sawa, na ukiwatoa usirudi ndani kuchukua blanketi. Piga 999 au 112, au tafuta gari la jirani. Mkifika hospitali, kabla hujaulizwa lolote, mwambie daktari kwamba mlilala na jiko la makaa, ili awape oksijeni bila kuchelewa.