Tone la Damu: Selimundu, Maabara na Uhuru Wetu

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mtaalamu wa maabara, katika sherehe ya Siku ya Uhuru, Akalla



   

Kamati imeniomba nizungumze juu ya mambo mapya ya maabara, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo inayonipa ugali hapa mjini. Wamenipa dakika kumi na tano, na harufu ya pilau inanikumbusha nisizidishe. Mambo mapya ni mengi, nami nimechagua moja tu lililo ndani ya damu yetu wenyewe: ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita siko seli.

Tarehe imenisaidia kuchagua. Leo ni tarehe 9 Desemba, siku ambayo Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Kesho, tarehe 10, ukipanda treni yetu ya buluu hapa Akalla, ukabadilisha T-Centralen, kituo kinachofuata ni Hötorget. Hapo ndipo lilipo jumba la Konserthuset, ambamo mfalme hukabidhi Tuzo za Nobel. Siku hizi mbili hufuatana kila mwaka, na selimundu inaziunganisha. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ugonjwa huu umefanya urafiki na wote watatu.

Tuanze na ujinga. Kule nilikokulia palikuwa na mama mmoja aliyezika watoto watatu. Kila mmoja alizaliwa mzuri, akanyonya, akacheka. Ilipofika kama miezi sita, vidole vikaanza kuvimba, macho yakawa ya manjano, na usiku mtoto analia hakamatiki. Watu walinong'ona. Wengine walisema mama ana mkosi, wengine wakasema ni mchawi. Mumewe akaoa mke mwingine. Hakuna aliyesema kwamba baba naye alitoa nusu ya ugonjwa ule. Naomba vijana walikumbuke hilo: selimundu haitoki kwa mama peke yake kamwe. Lazima itoke pande zote mbili.

Inakuwaje? Chembe nyekundu za damu hubeba hewa ya oksijeni kwa kitu kiitwacho hemoglobini. Chembe nzima ni ya mviringo na laini, hupenya hata kwenye mshipa mwembamba kuliko unywele. Mwenye selimundu, hemoglobini yake ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa kama vijiti, na chembe hujipinda ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Hapo ndipo jina lilipotoka: seli yenye umbo la mundu. Chembe hizo hukwama, mishipa huziba, na mifupa huuma maumivu ambayo waliougua huyalinganisha na kuvunjika. Pia hufa upesi, ndiyo maana damu hupungua na macho hugeuka manjano.

Watoto, sasa tufanye hesabu ya shanga. Kila mtu ana shanga mbili za hemoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme shanga nyeupe ni nzima na nyekundu ni ya mundu. Mwenye nyeupe mbili yuko salama. Mwenye nyeupe moja na nyekundu moja ni mbebaji; kwa kawaida haumwi, anacheza mpira na anazeeka bila kujua. Mwenye nyekundu mbili ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za mbebaji, na moja kati ya nne ya mtoto asiye na shanga nyekundu kabisa. Nasema katika kila mimba. Mtoto wa kwanza akiumwa, haina maana watatu wanaofuata wamesalimika. Bahati haina kumbukumbu.

Kwa nini shanga hii ni nyingi kwetu? Jibu lilipatikana kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu katika nchi zetu kuanzia mwaka 1949. Aliona wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na ni wachache kwenye nyanda za juu za baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: shanga moja nyekundu humkinga mtoto na malaria kali. Kwa hiyo mababu waliokuwa nayo waliishi wakazaa, nasi tukarithi. Katika baadhi ya sehemu za Kanda ya Ziwa, karibu mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Hii si laana wala uchawi. Ni ngao ya zamani yenye gharama kubwa, na gharama yenyewe huilipa mtoto anayepewa mbili.

Jina la Allison limo vitabuni. Majina ya wale waliotoa mkono wakachomwa sindano hayamo. Nitalirudia jambo hili.

Sasa maabara. Zamani kipimo kilikuwa hadubini: tone la damu huwekwa kwenye kioo, huondolewa oksijeni, kisha husubiriwa kama chembe zitajipinda. Kilionyesha kwamba mundu upo, lakini hakikumtenga vizuri mbebaji na mgonjwa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti ikipitishwa kwenye umeme. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Baadaye ikajulikana kosa lenyewe: katika kitabu cha vinasaba vya binadamu, chenye herufi zipatazo bilioni 3, herufi moja tu imebadilika. Moja.

Kukisoma kitabu hicho kwa mara ya kwanza kulichukua miaka 13, kuanzia 1990 hadi 2003, na mabilioni ya dola. Leo mashine zilizopo Solna, kwenye kituo cha SciLifeLab, hukisoma cha mtu mmoja kwa siku chache na kwa gharama isiyofika dola 1,000. Lakini kwa selimundu hatuhitaji mashine hiyo. Siku hizi kuna kipimo kidogo kinachofanana na kile cha malaria: tone moja la damu ya kidoleni na dakika kama kumi, basi unajua shanga zako. Kinafaa zahanati isiyo na umeme. Mimi ninayeshinda na mashine za mamilioni nawaambia, katika vyote nilivyotaja hiki ndicho kinachookoa watoto wengi zaidi, kwa sababu mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini, chanjo na kinga ya malaria kabla hajaumwa. Inakadiriwa kwamba Afrika zaidi ya nusu ya watoto wenye selimundu hufariki kabla ya miaka mitano, na wengi hufa bila ugonjwa kupewa jina.

Kuna dawa pia. Inaitwa haidroksiyurea, ni tembe ya kumeza. Nilisema mtoto huzaliwa mzima na huanza kuumwa baada ya miezi. Sababu ni kwamba tumboni alitumia hemoglobini nyingine, ya kichanga, isiyopinda. Dawa hii huiamsha tena ile ya kichanga. Palikuwa na hofu kwamba huenda ikawadhuru watoto wa nchi za malaria. Basi watafiti wakaijaribu kwa watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na majibu yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ilipungua kwa karibu nusu. Jibu hilo lisingepatikana Stockholm. Lilipatikana Kilifi na Mbale.

Sasa nifike kwenye Nobel. Kati ya miaka ya 2009 na 2014 Mfaransa mmoja, Emmanuelle Charpentier, alifanya utafiti Umeå, huko kaskazini ambako nasi tukienda tunaongeza koti la pili. Alichunguza jinsi bakteria wanavyojikinga na virusi kwa kukata vinasaba vyao. Pamoja na Jennifer Doudna wa Marekani, mwaka 2012 walionyesha kwamba mkasi huo wa bakteria unaweza kuelekezwa kukata mahali popote unapotaka. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mkasi huo unaitwa CRISPR.

Mwaka 2019 mama mmoja Mmarekani mweusi, Victoria Gray, akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini kwake kutibiwa kwa mkasi huo. Madaktari walichukua chembe mama za damu yake, maabara ikakata swichi inayozima hemoglobini ya kichanga, kisha akapewa dawa kali ya kusafisha uloto wake wa zamani, na chembe zake zikarudishwa. Hemoglobini ya kichanga ikawaka tena, na yale maumivu ya kumlaza hospitali yakakoma. Mwishoni mwa 2023 tiba hiyo iliruhusiwa Uingereza na Marekani, na mapema 2024 ikaruhusiwa Umoja wa Ulaya.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hapo ndipo adui wa tatu anapobisha hodi. Wenye ugonjwa huu wengi wako Nigeria, Kongo, India na Tanzania, na tiba iko mahali pengine. Sisemi sayansi hiyo ni mbaya. Ninaipenda, na natumaini itakuja kuwa rahisi kama zilivyokuwa rahisi mashine za kusoma vinasaba. Nasema tusikae tukiisubiri huku tembe na kipimo cha dakika kumi havijamfikia kila mtoto.

Nyumbani hawakukaa. Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamejenga programu ya selimundu iliyoandikisha maelfu ya wagonjwa, mojawapo ya zile kubwa duniani katika kituo kimoja. Damu ya wagonjwa wao inachunguzwa Dar es Salaam, na majina yaliyoandikwa kwenye utafiti ni ya watu wetu. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Linganisheni na mwaka 1949. Zamani tulitoa mkono, mwingine akaandika. Leo anayetoa mkono na anayeandika wanaweza kuwa ndugu. Nikiulizwa uhuru umeleta nini katika maabara, hilo ndilo jibu langu.

Ndugu zangu, sisi wa Akalla, Husby na Rinkeby tufanye nini? Nina mambo manne.

Kwanza, tujue shanga zetu. Msidhani kwamba damu anayochukuliwa mtoto mchanga hapa Sweden hujibu kila swali; kile kipimo kina orodha yake ya magonjwa. Ulizeni BVC, ulizeni kituo cha afya, na vijana waulizane kabla ya kuchapa kadi za harusi. Kuulizana si kukosa imani. Ni heshima kwa mtoto ambaye bado hajaja.

Pili, mwenye mgonjwa abebe karatasi yenye neno la Kiswidi: sicklecellanemi. Kijana mmoja ninayemfahamu alifika hospitali moja akiwa na maumivu makali, akaambiwa ameze parasetamoli arudi nyumbani. Mama yake alikataa kuondoka. Alitoa barua ya daktari na kuiweka mezani, na hapo mambo yakabadilika. Wauguzi wengi wa hapa hawajawahi kuuona ugonjwa huu. Sisi ndio tunaoujua. Tuseme bila kuona haya.

Tatu, vijana wenye miaka 18 hadi 35, jiandikisheni Tobiasregistret, daftari la wanaojitolea kutoa chembe za uloto. Unatumiwa vijiti nyumbani, unafuta ndani ya shavu, unarudisha kwa posta. Mgonjwa hulinganishwa kwa urahisi zaidi na mtu wa asili yake, na watu wa asili yetu kwenye madaftari hayo ni wachache. Na damu nayo ni hivyo hivyo. Baadhi yetu tuliokulia kwenye malaria masharti hutubana, lakini watoto wetu waliozaliwa hapa wanaweza kuchangia, ilimradi hawajatoka safari ya nyumbani karibuni. Damu yako ikitumika, hapa Stockholm hutumiwa ujumbe kwenye simu. Hebu fikiria unapata ujumbe huo ukiwa darasani.

Nne, nawaambia nyinyi watoto wa mbele. Maabara inahitaji mikono na macho. Mlango wake ni hesabu na kemia mnazozilalamikia Jumapili usiku. Mnajua Kiswidi, mnajua Kiswahili. Mtafiti anayeweza kumweleza bibi wa Kilifi kwa nini anaomba damu yake, na bibi akaelewa, akakubali au akakataa kwa hiari, huyo anahitajika pengine kuliko mashine.

Yule mama wa kwetu aliyezika watoto watatu bado yu hai. Nilipoenda likizo nilimweleza habari za shanga. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mimi?" Nikamjibu, "Haikuwa wewe, mama."

Alisubiri neno hilo zaidi ya miaka thelathini. Tusimsubirishe mwingine.

Heri ya Siku ya Uhuru.