Mbio za Mlimani: Ushindi wa Klabu Humtegemea Mkimbiaji wa Nne
Hotuba kwa vilabu vya riadha vya Kitui na Makueni



Kitui na Makueni hazina uhaba wa miinuko. Kuna Mbooni na Kilungu, ambako ukungu wa asubuhi ya Julai huchelewa kuondoka. Kuna Nzaui, kuna Museve karibu na mji wa Kitui, na kuna Endau kule mashariki. Kilicho haba ni viatu, nauli na mdhamini. Wakimbiaji wengi wa vilabu hawalipwi kukimbia. Ni walimu, wanabodaboda, wakulima, wanafunzi na akina mama wa sokoni, wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wanakimbia, halafu wanakwenda kutafuta riziki.

Fedha zikiwa chache, kishawishi cha klabu ni kuzimaliza kwa mtu mmoja, yule mwenye kasi kuliko wote. Yeye hupata viatu, yeye hulipiwa nauli, na kocha husimama kando yake. Wengine huambiwa wajikaze. Jambo la leo ni kwamba klabu inayofanya hivyo inajipunja yenyewe, na mlimani inaweza hata kuhatarisha maisha ya mtu.

Tuanze na hesabu. Katika mbio za nyika, na katika mbio nyingi za mlimani zinazoshindaniwa na timu, nafasi za wakimbiaji hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika, nchi huleta watu wazima hadi sita, na wanne wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Chukua klabu mbili. Ya kwanza ina bingwa: watu wake wamemaliza nafasi ya 1, 9, 20 na 34. Jumla ni 64. Ya pili haina bingwa: 6, 8, 11 na 14. Jumla ni 39. Kombe linakwenda kwa klabu ya pili, ingawa picha ya gazetini itakuwa ya yule bingwa.

Kenya yenyewe ilijengwa kwa hesabu hiyo. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2003, wanaume wa Kenya walitwaa taji la timu la dunia la mbio za nyika mara 18 mfululizo. Katika miaka hiyo haikuwa lazima Mkenya awe wa kwanza. Mwaka 1990 na 1991 aliyetangulia utepeni ni Khalid Skah wa Morocco, lakini taji la timu lilikuja Kenya, kwa sababu nyuma yake walikuja Wakenya kwa pamoja. Hata Benson Masya, mwana wa Kitui aliyeanzia kwenye ndondi, aliposhinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni mwaka 1992 kule Uingereza, Kenya ilichukua pia dhahabu ya timu.

Basi mkimbiaji wa nne hupoteza wapi nafasi zake? Mara nyingi hudhaniwa ni wakati wa kupanda. Kupanda kuna kanuni rahisi: hatua ziwe fupi, mwili uegemee mbele kidogo, pumzi isikatike. Mahali penye mwinuko mkali, kutembea kwa haraka si aibu, kwani huokoa nguvu na mara nyingi mtembeaji hapitwi. Kazi kubwa iko kwenye kushuka. Hapo misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikivutwa huku imebeba uzito wa mwili mzima. Asiyeizoesha hujikuta miguu inatetemeka kabla ya utepe, na siku mbili baadaye hawezi kushuka hata ngazi. Dawa yake ni mazoezi ya kushuka kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na hayahitaji uwanja. Njia za miguu kati ya matuta ya fanya juu zinatosha. Mchanga wa mito mikavu kama Tiva na Thwake nao hujenga vifundo vya miguu, mradi isiwe msimu wa mafuriko.

Sasa hatari. Jua la Februari katika nchi hii halina mzaha. Bingwa hushuka mapema na kukaa kivulini. Anayebaki mlimani saa tano asubuhi ni yule wa nyuma, ambaye mara nyingi hakupewa maji wala mwenzake. Mkimbiaji akianza kuyumba, akaongea maneno yasiyoeleweka, na mwili wake ukawa wa moto sana, hata kama bado anatoka jasho, huyo amezidiwa na joto. Asiambiwe ajikaze. Apelekwe kivulini, apunguziwe nguo, amwagiwe maji mengi mwili mzima na apepewe papo hapo, huku mwenzake akiita msaada wa kumfikisha hospitalini. Kumpoza kuanze mara moja, kusingoje gari. Na asinyweshwe maji kwa nguvu akiwa hajitambui.

Kwa hiyo kila klabu ijiwekee utaratibu. Majina yaandikwe kabla ya kuanza. Mbio zianze alfajiri. Maji yawe katikati ya njia, si mwishoni tu. Mtu mmoja mwenye uzoefu awe wa mwisho kwa makusudi, wala asimpite yeyote. Na gari lisiondoke hadi idadi ya walioshuka ilingane na idadi ya waliopanda.

Huu si utaratibu wa kigeni. Matuta yanayoshikilia udongo wa Ukambani yalichimbwa na vikundi vya mwethya. Katika mwethya hakuna anayesifiwa kwa kumaliza sehemu yake mapema na kuondoka, kwani tuta lililoachwa wazi mahali pamoja hubomolewa lote na mvua ya Novemba. Klabu ya mbio ni hivyo hivyo.

Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti vinapoitishwa, vilabu vifike na kusema vinahitaji nini: maji njiani, mafunzo ya huduma ya kwanza, usafiri wa timu nzima. Ombi la timu lina uzito kuliko ombi la mtu mmoja.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jumamosi ijayo, kocha atakapotoka na vijana wake kwenda mlimani, asianze kwa kumuuliza wa kwanza amekimbia dakika ngapi. Amuulize wa nne anahitaji nini, kisha ahakikishe wa mwisho amefika.