Nguru, Jodari na Vibua ni Ukoo Mmoja



Leo tunataka kuzungumza nanyi habari za samaki. Mtasema, "Aa, samaki tunawajua. Tumewavua, tumewapika, tumewauza." Ni kweli mnawajua. Lakini tuna maswali mawili. Je, mnajua kwamba nguru, jodari na kibua ni watu wa ukoo mmoja? Na je, mnajua kwamba samaki wa ukoo huo wakiachwa juani wanaweza kumlaza mtu mzima kitandani, hata kama wamekaangwa mpaka wakakauka?

Maswali hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayejua ukoo wa samaki hujua pia namna ya kumtunza. Basi tuanze na ukoo.

UKOO MAANA YAKE NINI

Kwetu sisi watu, ukoo una milango. Mlango una nyumba, na nyumba ina watu wake. Wataalamu wa viumbe wamewapanga samaki namna hiyohiyo. Aina moja ya samaki wanaiita spishi. Spishi zilizo karibu sana huwekwa katika nyumba moja, nayo huitwa jenasi. Jenasi zikikusanywa pamoja ndipo tunapata ukoo.

Ukoo wetu wa leo kwa jina la kitaalamu unaitwa Scombridae. Una jenasi 15 na spishi zipatazo 50, nao umeenea katika bahari zote kubwa. Kazi ya kuupanga ni ya zamani. Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliwaweka jodari na kibua wa Ulaya katika nyumba moja. Mwaka 1815 Rafinesque akaupa ukoo wote jina lake. Nguru wetu naye ana jina lenye historia ya upande wetu wa dunia: anaitwa Scomberomorus commerson. Jina hilo la pili ni la Philibert Commerson, Mfaransa aliyechunguza viumbe na kufia Morisi mwaka 1773. Mfaransa mwenzake, Lacepède, alizitumia karatasi alizoziacha, akamtangaza samaki huyo kwa wataalamu mwaka 1800. Bila shaka wavuvi wa pwani walikuwa wakimla nguru kabla ya hapo!

ALAMA ZA UKOO

Sasa utamjuaje samaki wa ukoo huu? Mchukueni mmoja, mwekeni juu ya meza, mtazame mambo haya:

1. Mwili wake umechongoka mbele na nyuma, na katikati ni mnene.

2. Mgongoni ana mapezi mawili. Pezi la kwanza hujikunja na kulala ndani ya mfereji wake, maji yasipate pa kushika.

3. Nyuma ya pezi la pili, juu na chini, kuna vipezi vidogo vimepangwa mstari mmoja kuelekea mkiani. Kibua ana vitano juu na vitano chini. Nguru na jodari wana zaidi.

4. Shina la mkia ni jembamba, na mkia umegawanyika pande mbili.

5. Kwenye shina hilo kuna mikuku midogo, kama mkuku wa jahazi. Kibua ana miwili kila upande. Nguru na jodari wana miwili hiyo, na katikati yake wa tatu ulio mkubwa.

Msitazame alama moja tu mkakata shauri. Yuko samaki mmoja wa ukoo wa kolekole ambaye naye ana vipezi vidogo karibu na mkia. Lakini ukimpapasa ubavuni utakuta magamba magumu kama meno ya msumeno. Huyo si wetu. Alama zisomwe pamoja, kama herufi. Herufi moja peke yake haifanyi neno.

Na nduaro je? Na mzia? Hao nao wana mbio na wanawinda. Wataalamu wenyewe walibishana juu yao. Katika miaka ya 1980 walikuwako waliowaweka nduaro na mzia karibu kabisa na jodari. Baadaye vinasaba vikapimwa, yaani ile maandishi ya urithi iliyomo ndani ya kila kiumbe. Ikaonekana nduaro na mzia wako karibu zaidi na akina kolekole. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, ukaonyesha kwamba baadhi ya jamaa wa karibu wa jodari ni samaki wa vilindini wasiofanana naye hata kidogo.

Basi kwa nini nduaro na jodari wanafanana? Fikirini ngalawa. Ngalawa mbili za bandari mbalimbali zinaweza kufanana, wala mafundi wake si ndugu. Zimefanana kwa sababu bahari inataka chombo cha namna hiyo. Vivyo hivyo samaki anayeishi kwa mbio hupata umbo la mbio, awe wa ukoo gani.

MILANGO YA UKOO

Ukoo huu una milango minne mikubwa.

Mlango wa kwanza ni wa vibua. Hawa ni wadogo na hutembea makundi makubwa. Kibua wetu, mara nyingi urefu wake ni sentimeta 25 hivi. Hula vijidudu vya baharini kwa kuyachuja maji.

Mlango wa pili ni wa nguru. Tazameni kinywa chake: meno yamekaa kama visu. Huyu ni mwindaji wa samaki wadogo. Nguru mkubwa kabisa hupita mita 2 na uzito wake hufika kilo 70.

Mlango wa tatu ni wa samaki waitwao bonito. Wanafanana na jodari mdogo, ila wana mistari ya mgongoni na meno yanayoonekana wazi.

Mlango wa nne ni wa jodari wenyewe, wenye spishi 15. Wako jodari wa mapezi njano na jodari wa macho makubwa. Yuko mwenye mistari tumboni, na yuko mwenye madoa meusi chini ya pezi la kifuani. Hao wawili wa mwisho mahali pengi huitwa sehewa, bila kutofautishwa. Jodari mkubwa kuliko wote anakaa Atlantiki. Mwaka 1979 huko Kanada alivuliwa mmoja mwenye kilo 679.

Zaidi ya milango hiyo minne, kuna spishi moja ya peke yake inayokaa bahari baridi za kusini. Huyo hatumwoni huku kwetu.

SAMAKI MWENYE MWILI WA MOTO

Jodari ana jambo la ajabu. Samaki wengi mwili wao una baridi sawa na maji waliyomo. Jodari sivyo. Ndani ya mwili wake mishipa ya damu ya moto na ya baridi imelala pamoja, imegusana. Damu inayotoka kwenye misuli huipasha joto damu inayoingia. Kwa hiyo joto halipotei ovyo majini, na misuli hubaki na nguvu. Naye hana ruhusa ya kupumzika. Lazima aogelee usiku na mchana ili maji yapite matamvuani, ama sivyo atakosa hewa.

Mtaona basi: jodari akivutwa baada ya kupigana na mshipi, anaingia chomboni na mwili wa moto. Nyama yake imeanza safari ya kuharibika kabla hata hajafa. Hapo ndipo tunafika kwenye jambo letu kubwa.

SUMU ISIYOUAWA NA MOTO

Nyama ya ukoo huu ina kitu kwa wingi kiitwacho histidini. Chenyewe hakina ubaya. Lakini samaki akikaa kwenye joto, vijidudu vya matamvuani na tumboni huingia kwenye nyama na kukigeuza histidini kuwa histamini. Hiyo ndiyo sumu. Ugonjwa wake umepewa jina la kitaalamu linalotokana na jina la ukoo huu. Samaki wengine pia wanaweza kuuleta, kama vile faulusi na dagaa wa baharini.

Aliyekula huanza kuumwa baada ya dakika chache au saa chache. Uso na shingo huwa vyekundu au vya moto. Mwili huwasha, kichwa huuma, moyo hupiga mbio, na pengine mtu hutapika na kuharisha. Wengi hudhani ni mzio, au wamerogwa. Apelekwe kituo cha afya upesi, na waganga waambiwe amekula samaki gani. Dawa zipo.

Sasa sikilizeni vizuri. Histamini ikishaingia haitoki. Kukaanga hakuiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Ndimu na pilipili hazisaidii kitu. Ukimfanya ng'onda samaki aliyekwisha haribika, chumvi haitamrudisha. Hata barafu, ukiiweka jioni kwa samaki aliyeshinda juani, inazuia sumu isizidi tu. Iliyokwisha ingia imeingia. Tena samaki huyo anaweza asinuke. Pengine mlaji huhisi ulimi unawasha kama amekula pilipili. Akihisi hivyo, aache hapohapo.

Kwa hiyo kinga ni moja: baridi, mapema. Tufanye hivi:

– Samaki akipanda chomboni, atolewe damu, kisha matamvua na matumbo.

– Awekwe kivulini mara moja, wala asiachwe kwenye sakafu ya chombo.

– Barafu iende naye baharini ndani ya kasha linalotunza baridi. Katika joto letu hesabu nzuri ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.

– Mnunuzi aulize: "Huyu amevuliwa saa ngapi? Amelala wapi?"

Mtasema barafu ni ghali. Kweli, ina gharama. Lakini hesabuni na upande wa pili: samaki anayetupwa, mteja asiyerudi, na mtoto anayelazwa. Wavuvi wakishirikiana kununua kasha na barafu, mzigo hugawanyika.

TUWAITE KWA MAJINA YAO

Jambo la mwisho ni hesabu. Kuna Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli. Tanzania na Kenya ni wanachama. Kamisheni hiyo huangalia spishi 16, na nguru yumo. Mwaka 2015 ilionekana kwamba jodari wa mapezi njano anavuliwa kupita kiasi, na viwango vya kuvua vikawekwa. Tathmini ya mwaka 2024 ilionyesha hali yake ni nafuu. Kwa nguru, tathmini za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba anavuliwa kuliko anavyoweza kujazia.

Ndugu, hesabu hizo zinaanzia kwetu, kwenye daftari la mwaloni. Kibua huzaa angali wa urefu wa shubiri. Nguru hungoja mpaka afike miaka miwili hivi. Hawawezi kuvuliwa kwa kipimo kimoja. Tukiandika "jodari" kwa kila samaki mwenye mkia wa panda, nani atajua yupi anapungua? Anayeshika kalamu mwaloni aandike aina, uzito na tarehe. Hiyo ni faida mojawapo ya kusoma na kuandika tuliyoihangaikia.

Wazee walisema samaki mmoja akioza wote huoza. Sisi tunaongeza: wa ukoo huu huoza kabla pua haijapata habari. Basi tusingoje pua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tajeni alama tano za ukoo wa nguru na jodari.

2. Kwa nini jodari huharibika upesi?

3. Kijijini kwenu samaki hukaa muda gani bila barafu? Mnaweza kufanya nini pamoja ili kuupunguza muda huo?

4. Mwaloni kwenu sehewa na jodari huandikwa vipi kwenye daftari?